Bibi Shamba na Dawa ya Kutuliza Miembe

Bibi Shamba alikuwa hali maembe. Naanza hapo kwa sababu watu hawaamini. Mwanamke aliyepita chini ya miembe ya kila mtu kutoka Matuga mpaka Ramisi, aliyeweza kukwambia huu ni ngowe na ule ni boribo kwa kunusa jani tu, akipewa kipande cha embe alikuwa akikitazama kwa huruma, anakipeleka puani, anafumba macho, kisha anakirudisha sahanini. Utomvu wa embe ulimvimbisha midomo. "Wewe kula, Mama Saumu," alikuwa akiniambia, "mimi ninuse. Tutagawana hivyo." Nami nilikula, wallahi, tena nikaramba na kokwa.

Jina lake analo, ila halitatusaidia hapa. Kwetu afisa wa kilimo akiwa mwanamume ni bwana shamba, akiwa mwanamke ni bibi shamba, na yeye alikaa katika kazi hiyo muda mrefu hata cheo kikawa jina. Alikuwa mtu wa bara, Mkamba, nyumba yake iko kule vilimani kwenye skimu ya makazi, upande wa Shimba. Alizaliwa wapi na nani sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kukuhadithia bila kuulizwa. Namsimulia jinsi anavyonijia. Na hunijia sana asubuhi miembe inapochanua, ile harufu tamu nzito ikijaa uani na ukungu bado umelala mabondeni, nami nimesimama na kata ya maji mkononi nimesahau nilikuwa nakwenda wapi.

Tena nilimdhulumu. Nalisema mapema msije mkanidhania mtu mwema. Nilimbebesha kosa langu, na sikumbebesha kwa kusema, nilimbebesha kwa kunyamaza, na mama yangu mzazi akamchukia kwa ajili ya hilo. Nitafika huko. Nipeni nafasi kidogo, maana kabla ya hapo palikuwa na mambo mazuri, na mazuri nayo yana haki ya kusimuliwa.

Gambuti zake, kwa mfano. Alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, za kijani zilizochujuka, masika amezivaa, kiangazi amezivaa, na Idi moja mama alipomwalika pilau akaja na gauni la maua limepigwa pasi, kitambaa kichwani, na gambuti. Akazivua mlangoni. Ndani mna soksi nyeupe pe pe pe, hata tone la udongo hazina. Mama akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kumbe udongo wote huo unauacha nje, mwenzangu?" Bibi Shamba akajitazama miguu, akasema, "Udongo ni wa nje, Mama. Ndani ni kwa watu." Siku hizo mama alimpenda. Walikaa ukumbini wakizungumza mambo ya watu wazima, mimi napita na vikombe, sauti zao zinakwenda na kurudi kama watu wanaotwanga mbali. Nikifumba macho nazisikia hata sasa.

Alikuwa mtu wa vipimo. Mkobani mwake mlikuwa na futi kamba, kisu cha kubebeshea miche, yaani kuunga kitawi cha mti mmoja kwenye mwingine, bomba la sindano lisilo na sindano, na kizibo kimoja cha chupa alichokifunga kwenye kitambaa kama dhahabu ya bibi harusi. Dawa zote alizipima kwa kizibo hicho, kwa sababu, alisema, mkulima hana mizani nyumbani lakini kizibo hakosi. "Tone moja zaidi ni uongo," alikuwa akisema. Haya, mtu huyo huyo umwone anavyotia sukari kwenye chai! Kijiko kinakwenda, kinarudi, anazungumza, kinakwenda tena, hahesabu. Nilimwuliza siku moja, "Bibi Shamba, na hapo kipimo kiko wapi?" Akanijibu bila aibu, "Hapo nimetoka kazini."

Alichokuwa hapendi ni mti unaojisikia. Hayo ni maneno yake. Miembe yetu ilikuwa tisa, marehemu baba aliipanda na kuibebesha mwenyewe nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Msambweni, mahali ambapo maji hayako mbali, na zamani palikuwa na zizi la mbuzi. Ardhi nono. Na miembe ikanona! Kila mvua inatoa majani mapya mekundu ya shaba, laini, yananing'inia, jua la asubuhi likipita ndani yake ua wote unakuwa na rangi ya chai. Nilikuwa nasimama pale kama mtu aliyerogwa. Lakini maembe hakuna. Mwaka huu matano, mwaka ujao mawili, na hayo mawili yako juu kileleni, wanafaidi tumbili. Miti ilikwishapita paa la nyumba na bado inapanda.

"Mti wenye raha hauzai," Bibi Shamba akaniambia, kiganja chake kikiwa juu ya gome, macho amefumba. Alikuwa akifanya hivyo kila mara, anaugusa mti kwanza na kunyamaza, na sisi sote tulinyamaza naye, hata kuku ningeapa walinyamaza. "Ndani yake mna sauti inayosema, panda juu, panda juu. Ukiwa na maji na mbolea, sauti ile haikomi. Utazaa saa ngapi, na una safari? Sasa iko dawa. Unaimimina chini, kwenye shina, mizizi inainywa. Ile sauti inatulia. Matawi yanakuwa mafupi, na nguvu iliyokuwa ikikimbilia juu inarudi kwenye maua."

"Unaulaza usingizi," nikasema.

"Hapana!" Akafumbua macho. "Ukiulaza umeukosea. Unautuliza tu."

Basi maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda Ukunda, nina mtoto wangu Saumu mkononi, sina changu. Kaka zangu wawili wako Mombasa, na kila wakija wanaitazama ile miembe kwa jicho la msumeno. Miti isiyozaa ya nini? Ikatwe, pajengwe vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa hoteli za Diani. Mama anasema, miti ya mume wangu haikatwi. Kaka wanasema, sawa mama, lakini kivuli hakiliwi. Mimi nikajiona katikati, nikawaza kwamba miembe ikizaa kaka watanyamaza, mama atafurahi, na mimi nitakuwa nimekuwa mtu tena katika nyumba ya baba yangu. Mnaona uzito wake. Kwa wengine ni maembe tu.

Lakini ngoja kwanza niwape kisa cha shoka, kwa sababu hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Kwetu mwembe ukikataa kuzaa hutishwa. Wanakwenda watu wawili alfajiri. Mmoja ana shoka, anaupiga mti mgongoni kidogo, anafoka, "Leo nakukata! Huna faida!" Wa pili anamshika mkono, anauombea, "Uache, ndugu yangu, mwakani utazaa, mimi nakuwa mdhamini." Mti ukisikia, unaingiwa na hofu. Ndivyo tulivyokuta. Sasa Mjomba alikuja siku moja na shoka lake, na mdhamini wake, jirani, ameshikwa na homa. Bibi Shamba ndiyo kwanza anaingia. Mjomba akamwambia, "Bibi Shamba, njoo uudhamini huu mti." Akamjibu, "Baba, mimi ni mtu wa sayansi." Mjomba akasema, "Hata sayansi ina huruma," akainua shoka.

Sijui nini kilimpata. Alimrukia Mjomba mkono kwa mikono yake miwili, mkoba ukaanguka. "Usiukate!" akasema. "Tafadhali, baba. Haujui ufanyacho, hakuna aliyeufundisha, kila mtu anaulaumu tu. Upe mwaka mmoja. Mwaka mmoja, nakuomba, mimi nitakuja kuutazama kila wiki." Na sauti ikamkatika, kweli ikamkatika, akawa analia. Mjomba akateremsha shoka polepole, naye macho yamemlowa. Tukasimama pale watu wazima watatu tunatazamana na ule mti. Halafu Bibi Shamba akaokota mkoba, akapangusa pua, akasema, "Haya, sasa tuendelee na kazi ya maana." Mwaka ule mti ulitoa maembe saba. Mjomba alidai ni yake, Bibi Shamba akadai ni ya mvua.

Sasa dawa. Mama hakutaka. "Miti ya marehemu haitiliwi sumu," alisema. Nilizungumza naye wiki nzima, nikamkanda miguu, nikampikia mkate wa sinia, mpaka akasema, "Haya. Lakini ikiharibika, nitajua wa kumlaumu." Alisema huku akinitazama mimi. Kumbukeni hapo.

Dawa ile hutiwa kwa upana wa mti, na upana Bibi Shamba alitufundisha kuupima kwa kivuli. Alikuwa na akili hiyo, ya kumpa mtu kipimo alicho nacho nyumbani. Unatembea kwa hatua, ukingo wa kivuli hadi ukingo wa pili, na kila hatua moja ni kizibo kimoja cha dawa katika ndoo ya maji. "Lakini kivuli cha adhuhuri," akasema, akainua kidole. "Jua likiwa utosini ndipo kivuli kinalingana na mti. Kabla au baada, kivuli kinaongopa." Yeye siku ile alikuwa na mashamba mengine upande wa Ramisi. Nipime mimi, niandike kwenye karatasi, kesho yake angekuja na dawa.

Ilikuwa Ramadhani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, halafu jua likatoka, likawa lile joto la mvuke linalopanda kutoka ardhini na kukuingia magotini. Nikasali adhuhuri. Nikasema najinyoosha kidogo mkekani, dakika mbili, halafu nakwenda kupima. Nikaota natembea ndani ya kivuli, nahesabu hatua, na kivuli hakina mwisho, baridi, kizuri, nahesabu na kuhesabu na wala sichoki. Nilipozinduka adhana ya alasiri ilikuwa inaita.

Nikasali mbio mbio, nikatoka. Vivuli vilikuwa vimelala virefu hadi kwenye banda la kuku. Nikapima hivyo hivyo. Hatua kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Sitasema sikujua. Nilijua. Nilijiambia hatua moja mbili hazina neno, mihogo ya futari haijamenywa, na kabla ya adhuhuri ya kesho atakuwa amekwisha kuja. Ningeweza kumwambia arudi siku nyingine. Dunia isingeanguka.

Asubuhi akafika, akaisoma karatasi. Akainua macho akautazama mti wa kwanza, akairudia karatasi. "Hatua kumi na mbili? Huu?" Nikajifanya nafunga leso. "Ulipima adhuhuri, Mama Saumu?"

"Adhuhuri," nikasema.

Nimefunga, Ramadhani, ulimi mkavu, na neno likatoka laini kabisa. Akautazama mti tena kwa muda. Kisha akacheka kidogo. "Basi macho yangu yamezeeka. Mtu aliyefunga simkatalii neno lake." Akafungua kitambaa chake, akatoa kizibo, akaanza kuhesabu vizibo kumi na viwili, kimoja kimoja, bila kumwaga tone. Mimi nilimshikia ndoo.

Miembe haikufa. Afadhali ingekufa, ningelia mara moja nikamaliza. Ulipofika wakati wa maua, maua yalitoka mafupi, yamesongamana, madonge kama kidole gumba, yakawa meusi yakapukutika. Mvua zikaja, miembe ya watu njia nzima mpaka Ramisi ikatoa yale majani mekundu, yetu ikatoa vijani vidogo vimebanana nchani mwa tawi, ngumi imefumbwa. Mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mwingine. Ikasimama tu pale, kijani kizito, haikui, haichanui, hata ndege hawakujenga. Nilikuwa nikipita chini yake najikuta nanong'ona, kama mtu anayepita nyumba yenye mgonjwa. Usingizi ulioje ule. Mimi ndiye niliyeilaza.

Bibi Shamba alipoona maua yale ya kwanza alikaa chini, chini kabisa kwenye udongo, na gauni lake. Akatoa penseli, akaanza kupiga hesabu kwenye ubao wa boksi. Hatua kumi na mbili, vizibo kumi na viwili, sawa. Maji ndoo moja, sawa. Akatoa bomba lake, akajaza maji, akayamimina kwenye kizibo kuona kinachukua kiasi gani. Akarudia. Akarudia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, na mimi nyuma yake nimeshika ungo.

"Mama," akasema Bibi Shamba bila kuinuka, "nimekosea mahali. Sioni ni wapi, lakini nimekosea. Dawa nilichanganya mimi. Kosa ni langu."

Mama akasema, "Miti ya mume wangu."

Maneno yalikuwa hapa, hapa mdomoni. Sikuwa na kazi nyingine ila kufungua mdomo. Nikafikiri mama atakavyonigeukia, nikawafikiria kaka zangu, nikajiona nafunga nguo zangu na za Saumu. Nikaendelea kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Woga ni kitu kichafu sana, jamani, na hauna kelele.

Na yeye hakuishia hapo. Ulipokuwako mkutano wa wakulima, kwenye kiwanja, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Ile dawa ya kutuliza miembe niliyowafundisha, muiache. Nimeharibu miti tisa kwa mkono wangu mwenyewe." Mtu mmoja nyuma akacheka, akasema bibi shamba amezeeka, apumzishwe. Wengine nao wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nimejifunika buibui mpaka puani.

Basi mama akamnyima salamu. Msichukulie kwamba ni jambo dogo. Kwetu shikamoo huitikiwa hata ya adui, hata ya mlevi, hata ya mtoto aliyekutukana jana. Bibi Shamba aliendelea kuja, kila wiki mbili tatu, kwa miguu kutoka barabarani. Anasimama uani, anasema, "Shikamoo, Mama." Mama anakuna nazi. Bibi Shamba anasubiri. Hakuwa anaondoka haraka, anasubiri, mikono ameikutanisha mbele, muda wa mtu kuvuta pumzi mara nne tano hivi, kana kwamba jibu liko njiani limechelewa tu. Halafu anakwenda kwenye miembe. Anaimwagia maji mengi kuiosha ile dawa udongoni, anatia samadi aliyoileta kwenye gunia kutoka kwa mbuzi wake mwenyewe, anapuliza majani kwa dawa nyingine ya kuamsha aliyoitafuta mpaka Mombasa. Akimaliza anapita tena. "Kwaheri, Mama." Nazi inakunwa. Mimi niko jikoni, nasikia yote, naona moshi unapita dirishani, na chozi langu nalisingizia moshi.

Kaka zangu walikuja wakakata mitatu. Mama hakuwazuia tena. Sita ikabaki kwa sababu tu vyumba havikuhitaji nafasi zaidi.

Mwaka wa nne mti wa ukingoni ulitoa jani jekundu. Moja. Nililiona asubuhi nikadhani ni leso ya mtu imenasa. Mama wakati huo hakuwa akiondoka kitandani. Nilimwambia miti inaamka, akageuza uso, akasema, "Amemsumbua baba yenu mpaka kaburini, yule mwanamke." Hapo pia ningeweza kusema. Pale pale, mimi na yeye tu, mkono wake ndani ya mkono wangu. Sikusema. Akafariki kabla ya maua. Tukamzika shambani, kando ya baba, na Bibi Shamba akaja matangani na soksi zake nyeupe, akakaa mkeka wa mwisho karibu na lango, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kuingia zaidi. Hakuna aliyemwambia aingie. Mimi nilikuwa nampita na sinia ya kahawa.

Mwaka huu miembe yote sita imechanua. Siwezi kuwaeleza. Ua wote ni mweupe manjano kutwa nzima, nyuki wanavuma mpaka ukilala mchana unasikia kama bahari iko chini ya kitanda. Siku tatu sikuweza kula. Siku ya nne nikavaa, nikapanda gari mpaka njia panda, nikapanda kilima kwa miguu.

Nilimkuta mlangoni pake anachambua kunde. Amestaafu, miguu imevimba, viatu vya mpira havimwingii tena. "Shikamoo, Bibi Shamba." "Marahaba, Mama Saumu! Karibu, karibu mwanangu, vuta kigoda." Nikamwambia miti imechanua. Akaweka ungo chini, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, polepole, kana kwamba harufu ingeweza kufika mpaka huko. "Yote?" "Sita yote." Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari za mtoto aliyepona.

Nikasema, "Nina neno."

Nikalisema. Nililisema vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, mkeka, ndoto, adhana ya alasiri, banda la kuku. Nilipomaliza hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Hukupima adhuhuri."

"Sikupima adhuhuri."

"Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, Bibi Shamba."

"Na kizibo kilikuwa sawa?"

"Kila kitu kilikuwa sawa. Mimi ndiye."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nimekipima kizibo kile mara ngapi, Mama Saumu," akasema. "Miaka yote hii. Nimekipima hata juzi."

Nikapiga magoti, nikamshika miguu ile iliyovimba. Akaivuta. "Inuka," akasema, na sauti haikuwa ile ninayoijua. "Wewe ni mtu mbaya. Nakwambia nikikutazama. Nilikuuliza, ukanijibu. Nilisimama mbele ya watu nikajitukana, na wewe upo." Kunde zilikuwa zimemwagika, kuku wanazidonoa, hatuwafukuzi. Alipozungumza tena alikuwa amechoka. "Mama yako alijua?"

"La."

"Alikufa hajui?"

"Alikufa hajui."

Hapo ndipo alipolia. Sikuthubutu kumgusa. Akalia mpaka akamaliza, akajipangusa kwa ncha ya leso, akasema, "Basi nenda kamwambie."

"Bibi Shamba, mama ni marehemu."

"Najua. Nilikuja. Kaburi liko hapo hapo kwenu. Nenda kamwambie, kwa sauti, kama ulivyonijibu mimi. Ukimaliza, umpe shikamoo yangu."

Niliteremka kile kilima sijui nilikanyaga wapi. Nilipofika nyumbani jua bado liko, jirani zangu wawili wanapita njiani na ndoo, wakasimama waliponiona nakwenda kaburini sijavua hata viatu. Sikuwangoja wapite. Nilisema yote: mkeka, vivuli, karatasi, neno nililolitamka nimefunga. Nilimwambia mama kwamba mwanamke yule hakukosea hata tone. Kisha nikasema, "Mama, Bibi Shamba anakupa shikamoo."

Nikasubiri, mikono nimeikutanisha mbele, pumzi nne, tano. Halafu nikaitika mwenyewe kwa niaba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani: "Marahaba."